Kula Chumvi Nyingi

Waswahili husema juu ya mzee kwamba amekula chumvi nyingi. Neno hili si la lawama, bali ni la heshima: maana yake ameishi miaka mingi, ameona mengi, na shauri lake lafaa kusikilizwa. Sisi nasi tumelifundisha darasani mara nyingi, tukawaeleza watoto kwamba ni fumbo tu, wala si habari ya chakula. Lakini mwaka 2022, nyumbani kwa wazazi wetu, fumbo hilo liliacha kuwa fumbo. Twaandika habari hii si kwa kuwa yapendeza kuisimulia, maana ndani yake mna kosa letu wenyewe. Twaiandika kwa kuwa twadhani wako wengi watendao kama tulivyotenda sisi, tena kwa nia njema.

Wazazi wetu hukaa Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Baba ni mkulima wa mikorosho, naye amekwisha kupita miaka 70. Sisi twafundisha Lindi, pwani. Huko juu kwetu maji ni ya shida, na samaki wabichi ni wa shida zaidi. Kwa hiyo, tangu tulipopokea mshahara wetu wa kwanza, tulijiwekea desturi. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda sokoni, tukanunua fungu la ng'onda na kipande kikubwa cha papa wa chumvi, tukavifunga vizuri katika kikapu na kumkabidhi kondakta wa basi. Baba alipopokea kikapu kile aliwaita majirani waone. Alisema, "Mwanangu hakunisahau." Nasi tuliposikia kwamba amesema hivyo, mioyo yetu ilijaa furaha, tukaona tumelipa kidogo deni la ada za shule alizotutolea kwa jasho la shamba.

Mwaka 2019 baba alipimwa katika zahanati, akaambiwa ana shinikizo la damu, yaani ugonjwa ule ambao watu wengi huuita presha. Kipimo chake hutoa hesabu mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, na ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika. Hesabu ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, tena si mara moja bali kila apimwapo, mtu huhesabiwa kuwa mgonjwa. Baba alikuwa na 168 kwa 98. Alipewa vidonge vya namna mbili: losartani, ambayo hulegeza mishipa, na haidroklorothiazidi, ambayo huzifanya figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Aliambiwa avimeze kila siku maisha yake yote. Aliambiwa pia apunguze chumvi, lakini neno hilo lilisemwa mwisho, mlangoni, kama mtu amwambiavyo mgeni, "Safari njema." Hakuna aliyelichukua nyumbani.

Ikapita miaka mitatu. Kila tulipokwenda likizo tulimpeleka kupimwa, na kila mara hesabu ilikuwa ile ile, au imezidi. Ndipo shaka ikatuingia. Kwanza tulivishuku vidonge: labda ni vya bandia, labda vimekaa juani. Tukanunua vingine Lindi, katika duka jingine, kwa bei kubwa zaidi. Hesabu haikushuka. Halafu, twaona haya kuandika, tukamshuku mama. Yeye ndiye aliyempa baba vidonge asubuhi, naye hajui kusoma. Tulifikiri kwamba husahau, au huvichanganya. Siku moja jioni tukamwuliza kwa sauti isiyofaa mtoto kuitumia mbele ya mzazi wake. Mama hakujibu neno. Aliinuka, akaleta mkebe wa vidonge, akavimwaga juu ya mkeka na kuvihesabu mbele yetu, kimoja kimoja. Tulipolinganisha na siku zilizopita tangu viliponunuliwa, hakikuzidi kimoja wala hakikupungua kimoja. Akavirudisha mkebeni, akaingia jikoni. Hata hapo hatukuomba radhi. Tulisema moyoni, basi, kosa li mahali pengine, tukarudi kazini. Na mwisho wa mwezi tukapeleka kikapu kama kawaida.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule wa 2022 tulipigiwa simu alfajiri. Baba alikuwa ameketi barazani na kikombe cha chai, kikombe kikamponyoka. Alipotaka kumwita mama, maneno yalitoka yamevurugika, na mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja. Tulipopanda basi hatukujua kama tutamkuta hai. Tulipofika hospitali tulimkuta ameketi kitandani, mkono umerudi, na maneno yake yanasikika sawa. Hali ile ilidumu muda wa saa moja tu, ikapita. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alituambia kwamba kile kilikuwa kiharusi kidogo cha kupita, nacho ni onyo; mara nyingi kikubwa hufuata nyuma yake. Akapima presha, akaona 182 kwa 104.

Tukaanza kumweleza habari za vidonge: vya kwanza, vya pili, duka la kwanza, duka la pili. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia baba, akamwuliza, "Mzee, kitoweo chako nyumbani ni nini?"

Baba akajibu kwa majivuno, "Mimi sina shida ya kitoweo. Mwanangu huyu mwalimu huniletea papa na ng'onda kila mwezi. Sijakosa tangu alipoanza kazi."

Daktari alitutazama, wala hakusema kitu kwa kitambo. Nasi tukainamisha macho.

Baadaye alituita pembeni, akatueleza kwa subira jinsi mambo yalivyo. Alisema chumvi huvuta maji. Mtu alapo chumvi nyingi, mwili huzuia maji ili kuizimua, na maji hayo huongeza damu katika mishipa, kama maji mengi yanavyosukumwa katika mpira mwembamba. Figo zenye afya huitoa chumvi ile, lakini kwa watu wengi, hasa wazee na wenye presha tayari, huitoa polepole, tena kwa kuhitaji nguvu kubwa ya damu. Sasa, kidonge kile cha kukojoza kazi yake ni kuitoa chumvi. Hufanya kazi kwa saa kadhaa. Baada ya hapo figo hurudi kuishika chumvi yoyote itakayoletwa. Mtu akila papa jioni, chumvi iliyotoka mchana hurudi mahali pake. Ni kama mtu achotaye maji ndani ya ngalawa na kuyamwaga baharini, huku mwenziwe ameketi nyuma akiyarudisha kwa kata.

Losartani nayo ina habari yake. Mwili una njia moja ya kukaza mishipa, ambayo huanzia katika figo, na kidonge hicho huifunga njia hiyo. Lakini chumvi ikiwa nyingi, mwili wenyewe huipunguza kazi ya njia hiyo, kwa kuwa hauihitaji. Presha huwa juu kwa sababu ya maji na chumvi. Hapo kidonge hufunga mlango ambao watu wapitao ni wachache tangu mwanzo. Chumvi ikipungua, njia ile huamka, na kidonge hupata kazi ya kufanya. Viko vidonge vingine, kama amlodipini, visivyozuiwa sana na chumvi. Lakini hata hivyo mzigo unaoongezwa kila siku ni mzigo tu. Kwa hiyo, alisema, vidonge vya baba si vya bandia, wala havikusahauliwa. Vilikuwa vikishindana na kikapu.

Tulipotoka pale tulikumbuka jambo lililotutia haya zaidi. Kila mwaka twawafundisha watoto kwamba chumvi huvuta maji. Twakata kipande cha kiazi, twakitia katika maji ya chumvi, na baada ya muda watoto huona kimelegea, maji yake yametoka. Wao huandika katika madaftari, nasi huwatilia alama. Somo tulilijua, hatukufikiri kwamba lahusu nyumba yetu.

Tangu siku ile tumesoma kadiri tulivyoweza, ili tusiseme mambo ya kusikia tu. Mwaka 2009 waganga wa Alabama, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 12 ambao presha yao ilikataa kushuka ijapokuwa walimeza dawa tatu au zaidi. Waliwapa chakula cha chumvi kidogo, kiasi cha gramu 3 kwa siku, muda wa juma moja; na chakula cha chumvi nyingi, zaidi ya gramu 14, muda wa juma jingine. Dawa hazikubadilishwa. Katika juma la chumvi kidogo hesabu ya juu ilikuwa chini kwa 23 hivi, na ya chini kwa 9, kuliko katika juma la chumvi nyingi. Watu 12 ni wachache, lakini tofauti ile ni kubwa; ni kama tofauti iletwayo na kuongeza dawa mbili.

Tena ziko habari za nchi jirani. Mwaka 1929 mganga mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika juu ya watu wapatao 1,000 aliowapima katika Kavirondo ya Kusini, Kenya. Aliona kwamba presha yao haikupanda kwa uzee kama ilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Mwaka 1990 wataalamu wengine walitangaza habari za Wajaluo waliotoka vijijini kwao na kuhamia Nairobi. Presha ya wahamiaji ilipanda mapema baada ya kufika mjini, kuliko ya wenzao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha kwamba wamekula chumvi nyingi zaidi na vyakula vya shambani kidogo zaidi. Hatusemi kwamba chumvi ndiyo sababu ya pekee. Unene, ulevi, kukaa bila kazi ya mwili, na asili ya ukoo, vyote vina sehemu yake. Lakini twajifunza kwamba presha si sharti la uzee. Mtu aweza kuzeeka bila hiyo.

Hapo zamani chumvi ilikuwa mali. Uvinza, katika nchi ya Kigoma, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yao ikachukuliwa mbali. Mtu aliyeinunua kwa jembe au kwa mbuzi hakuimwaga ovyo katika chungu. Leo pakiti ya nusu kilo hupatikana katika kila kibanda, kwa bei ambayo hata mtoto aweza kuilipa, na mkono wa mpishi umekuwa mwepesi.

Tuliporudi na baba nyumbani tulifanya hesabu. Tulimwuliza mama, safari hii kwa sauti inayofaa, pakiti moja hudumu siku ngapi. Alisema, siku 10. Waliokula nyumbani ni watu wanne. Gramu 500 kwa siku 10 ni gramu 50 kwa siku. Ukigawa kwa wanne, ni gramu 12 na nusu kwa kila mtu. Tukitoa ile iliyomwagwa na maji ya kuchemshia, bado ni nyingi. Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Wala katika hesabu ile hatukutia papa, wala ng'onda, wala magadi ya kulainisha kunde, wala vile vipande vya kutia ladha mchuzi viuzwavyo dukani. Vyote hivyo vina sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayodhuru.

Ndipo tulipomwambia mama kwamba tumemkosea. Tulimwambia mbele ya baba, kwa kuwa tulimshutumu mbele ya baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yamekwisha, mwanangu. Lakini siku nyingine uliza kwanza." Hakusema zaidi, wala hakuhitaji kusema zaidi.

Kumbadilisha baba hakukuwa kazi nyepesi. Siku ya tatu alisukuma sahani, akasema, "Mwataka nile kama maiti?" Siku ya tano akauliza swali gumu zaidi: "Ikiwa chumvi ndiyo adui, vidonge vya nini tena? Niacheni na kimoja." Tulimjibu kama daktari alivyotufundisha, kwamba kupunguza chumvi hakuchukui nafasi ya dawa, huifungulia dawa njia. Mtu aachaye vidonge kwa kuwa amepunguza chumvi, amebadilisha kosa moja kwa jingine. Akakubali kwa shingo upande.

Mama ndiye aliyeshinda vita ile, si sisi. Hakuondoa chumvi yote siku moja, bali alipunguza kidogo kila juma. Alitia limau katika mchuzi, na tangawizi, vitunguu saumu na pilipili. Kisamvu akakipika kwa tui zito na karanga. Kibakuli cha chumvi kilichokaa mezani akakiweka juu ya kabati, ili anayekitaka ainuke. Papa aliyebaki alimloweka usiku kucha, akamwaga maji, akamloweka tena. Hivyo sehemu ya chumvi ilitoka, wala si yote. Alipokwisha hatukuleta mwingine. Baada ya majuma sita baba alikula kwa jirani, akarudi analalamika kwamba chakula chao ni kama maji ya bahari. Ulimi hujifunza, ukipewa muda.

Na hesabu? Baada ya majuma sita ilikuwa 154 kwa 90. Baada ya miezi minne, 138 kwa 84, kwa vidonge vile vile viwili, kutoka duka lile lile la kwanza tulilolishuku. Kiharusi hakijarudi. Hatujui kesho, lakini leo baba anapalilia mikorosho yake kwa mikono miwili.

Basi, ndugu wasomaji, ruhusuni tuseme maneno machache ya faida. Kwanza, presha ya mzee wako isiposhuka, usianze kwa kumshutumu mtu, wala kwa kununua dawa ghali. Hakikisha kwamba vidonge vinamezwa. Hilo likiwa sawa, tazama chungu. Pili, asiache dawa, wala asibadilishe kipimo chake, bila shauri la mganga. Tatu, kupunguza chumvi si kununua chumvi isiyo na madini joto. Hata kidogo tunachokula kiwe na madini hayo, yanayotukinga na rovu. Nne, siku hizi iko chumvi ambayo sehemu yake ni potasiamu. Katika vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000 walifuatwa muda wa miaka mitano hivi, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi pungufu kwa 14 katika 100 kuliko wenzao. Ni habari njema, lakini si ya kila mtu: mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa kama losartani, potasiamu yaweza kumzidi mwilini na kuudhuru moyo. Amwulize mganga kwanza.

Na neno la mwisho ni kwetu sisi tufanyao kazi mbali na wazazi. Twapenda kupeleka zawadi, na ni vema. Lakini zawadi yataka macho kama dawa itakavyo macho. Sasa kikapu chetu cha mwisho wa mwezi chachukua ndimu, vitunguu saumu, na fedha kidogo ya kununulia kuku. Baba bado huwaita majirani waone. Juzi mmoja wao alimtania, akisema, "Mzee, wewe umekula chumvi nyingi." Baba akacheka, akajibu, "Nilikula. Sasa nakula miaka."